Ziwa lililoganda si barabara: namna watu wanavyovua samaki juu ya barafu na kurudi nyumbani wazima

Mwezi wa 12 ukifika, familia nyingi za Goma, Bukavu, Uvira na Fizi zinapokea kwa telefone picha za ndugu walio Marekani ao Kanada wakiwa wamesimama katikati ya ziwa, viatu vikavu, na nyuma yao gari limesimama. Si uchawi, wala si picha ya kutengenezwa. Katika nchi za baridi kali maji ya ziwa yanageuka barafu, na watu wanatembea juu yake kwenda kuvua samaki.

Lakini kila mwaka kuna ambao barafu hiyo inavunjika chini ya miguu yao. Na mtu aliyekulia kando ya ziwa Kivu ao Tanganyika anaweza kuwa katika hatari kuliko mwenyeji, kwa sababu anajua maji lakini hajui barafu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Jimbo la maziwa

Kongo ilikuwa kwa miaka kadhaa mojawapo ya nchi ambazo wakimbizi wake walipokelewa kwa wingi Marekani. Wengi wao ni watu wa Kivu waliopitia kambi za Nyarugusu huko Tanzania, Nakivale na Kyangwali huko Uganda, ao kambi za Rwanda na Burundi. Baadhi walipelekwa katika majimbo ya kaskazini, fasi baridi inauma kweli.

Moja ya majimbo hayo ni Minnesota. Ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa hektari 4 na zaidi. Tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 1996, katika mji mdogo wa Tower, baridi ilishuka mpaka digri 51 chini ya sifuri. Siku kama hiyo ni ya pekee, lakini usiku wa digri 20 chini ya sifuri huko si habari.

Ziwa linalojulikana sana na wavuvi wa barafu linaitwa Mille Lacs. Msomaji anayejua Kifaransa ameshaelewa: maziwa elfu. Lina ukubwa wa zaidi ya kilometre za mraba 500, na wenyeji wa asili, Waojibwe, wamevua samaki humo tangu zamani, hata wakati wa barafu. Kina chake hakizidi metre 13 hivi. Tukumbuke kwamba kina cha ziwa Kivu kinafika metre 485.

Juu ya nini ziwa linaganda juu tu?

Hili ndilo swali wazee wengi wanauliza: kama ziwa limeganda, samaki wanaishi wapi?

Jibu liko katika tabia ya maji yenyewe. Maji yakipoa yanakuwa mazito na kuzama chini, lakini yanafanya hivyo mpaka digri 4 tu. Yakipoa kupita hapo, yanaanza tena kuwa mepesi na kubaki juu. Yakifika digri 0 yanaganda, na barafu inaelea, kama vile kipande cha barafu kinavyoelea katika kikombe cha juisi. Kwa hiyo ziwa linajifunika kwa juu, na chini ya kifuniko hicho maji yanabaki maji. Samaki wako humo, wanatembea polepole, lakini wanakula. Wakila, wanaweza kunaswa.

Ziwa Kivu haliwezi kufika huko. Maji yake ya juu yana joto la digri 24 hivi mwaka mzima, hata kama liko kwenye metre 1,460 juu ya bahari. Katika mashariki mwa Kongo, barafu inayodumu iko tu kwenye kilele cha Ruwenzori, mpakani na Uganda, kwenye metre 5,109, na hata hiyo inazidi kupungua. Ndiyo maana mtoto wa Idjwi ao wa Kalehe, hata kama anaogelea kama samaki, hajawahi kufundishwa na mtu namna ya kukanyaga barafu.

Uvuvi wenyewe unafanyika namna gani?

Mvuvi wa sambaza anatoka usiku na mitumbwi yake mitatu iliyofungwa pamoja, anawasha taa, anasubiri samaki wafuate mwangaza, kisha anainua wavu. Juu ya barafu hakuna mtumbwi na hakuna wavu. Mvuvi anatoboa tundu kwa chombo cha chuma kinachozunguka kama skrubu kubwa, cha mkono ao cha mota. Tundu lina upana wa santimetre 15 mpaka 25. Anashusha uzi wenye ndoana na chambo, anakaa kwenye kiti kidogo ao kwenye ndoo iliyopinduliwa, na anangoja.

Anayetaka starehe anaweka kibanda. Kuna vibanda vya turubai vinavyokunjwa, na kuna nyumba kamili za magurudumu zenye kitanda, jiko na televizyo. Katika Mille Lacs, barafu ikiwa nene, vibanda vinakuwa vingi mpaka unafikiri ni mtaa. Wenye hoteli za kando ya ziwa wanafagia theluji na kufungua njia za magari juu ya maji, kisha wanalipisha wanaopita. Samaki anayetafutwa zaidi ni walleye, mwenye macho makubwa yanayong'aa, na nyama yake nyeupe inapendwa sana.

Sheria ziko pia. Kuanzia miaka 16 mtu anapaswa kununua kibali cha uvuvi. Wakati wa barafu, kila mvuvi anaruhusiwa nyuzi 2. Idadi na urefu wa samaki wa kuchukua vinawekwa kwa kila ziwa na vinabadilika, kwa hiyo aliye mgeni aulize mbele ya kutoa samaki tundu­ni. Mwezi wa 3, vibanda vyote vinapaswa kuwa vimeondolewa usiku, kwa tarehe iliyowekwa na serikali.

Barafu inapimwa, haiangaliwi

Hapa ndipo wageni wengi wanakosea. Wanaona mtu mwingine yuko mbali juu ya ziwa, wanafikiri basi ni salama. Kumbe unene wa barafu haulingani ziwa zima. Hapa inaweza kuwa na santimetre 30, na hatua chache mbele ikawa na 5.

Idara ya serikali ya Minnesota inayosimamia maliasili inatoa vipimo hivi kwa barafu mpya, ngumu, inayoonekana kama kioo:

- Chini ya santimetre 10: usikanyage kabisa.
- Santimetre 10: mtu anayetembea kwa miguu.
- Santimetre 13 mpaka 18: pikipiki ya theluji.
- Santimetre 23 mpaka 25: gari dogo.
- Zaidi ya santimetre 30: gari kubwa la mizigo midogo.

Barafu nyeupe, yenye theluji iliyochanganyika ndani, nguvu yake ni karibu nusu. Kwa hiyo vipimo hivyo vinazidishwa mara mbili. Na idara hiyohiyo inarudilia kila mwaka kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100.

Kupima ni kazi rahisi. Mvuvi anatembea na chuma kirefu chenye ncha, mfano wa mtalimbo. Anapiga mbele yake. Kikipenya kwa pigo moja ao mawili, anarudi nyuma. Kisha anatoboa tundu na kuingiza kipimo. Anarudia kila metre 45 hivi. Hakuna mtu wa kumwona mjinga kwa kufanya hivyo. Wazee wa huko ndio wanaopima zaidi.

Fasi za kuogopa ni hizi: mdomo wa mto, chini ya daraja, penye chemchemi, karibu na majani yanayotoka majini, na kwenye nyufa ndefu. Maji yanayotembea hayagandi vizuri. Theluji nayo inadanganya: inafunika barafu kama blanketi na kuizuia isikomae, huku ikificha matundu.

Mlio si lazima uwe hatari. Barafu inayokomaa inalia na kupasuka kwa sauti kama ya mngurumo wa mbali. Lakini kimya nacho si dalili ya usalama. Kinachoamua ni kipimo tu.

Upepo unaweza kuchukua watu wote

Hata mwenyeji anashtukizwa. Tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka 2022, katika ziwa Upper Red, kaskazini mwa Minnesota, kipande kikubwa cha barafu kilikatika na kuachana na ufuko. Wavuvi karibu 200 walijikuta juu yake, na maji wazi yakiwa kati yao na nchi kavu. Tarehe 29 mwezi wa 12 mwaka 2023, katika ziwa hilohilo, watu 122 waliondolewa kwa namna hiyo. Mara zote mbili waokoaji walifika kwa wakati.

Msimu huo wa 2023 mpaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko misimu yote ya baridi iliyopimwa Minnesota. Hii ina maana kwamba hata kalenda ya wazee haitoshi tena. Ziwa lililobeba magari mwaka jana kwenye tarehe fulani, mwaka huu tarehe hiyohiyo linaweza kushindwa kubeba mtoto.

Mtu akitumbukia afanye nini?

Gordon Giesbrecht, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Manitoba huko Kanada, ameingia mwenyewe mara nyingi katika maji ya baridi kali ili kuchunguza mwili unafanya nini. Anafundisha hesabu rahisi ya kukumbuka: 1, 10, 1.

Dakika 1 ya kwanza, mwili unashtuka na pumzi inakatika. Mtu anavuta hewa bila kutaka, na kichwa kikiwa chini anameza maji. Kazi ya dakika hiyo ni moja tu: kubaki kichwa juu na kutuliza pumzi. Kinachofuata ni dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado vina nguvu. Ndizo za kujitoa. Baada ya hapo viungo vinakataa, lakini inachukua karibu saa 1 mbele ya mtu kuzimia kwa baridi. Wengi wanakufa mapema kwa sababu ya woga na pumzi, si kwa baridi yenyewe.

Kujitoa ni hivi. Usivue koti, kwa sababu hewa iliyomo inakusaidia kuelea. Geuka ulikotoka, maana kule barafu ilikubeba. Weka mikono juu ya barafu, piga miguu kama unaogelea, jisukume kwa tumbo. Ukitoka usisimame, jiviringishe kama pipa mpaka ufike penye unene. Wavuvi wanavaa shingoni misumari miwili yenye vipini, iliyofungwa kwa kamba, ili kuikita katika barafu na kujivuta. Bei yake ni ndogo.

Anayeona mwenzake ametumbukia asikimbilie pale, kwani watakuwa wawili. Apige simu 911, alale kwa tumbo, arushe kamba ao asukume ngazi ao tawi.

Jile ya kuokolea ni ya kuvaa juu ya barafu pia, kwa mwenye kutembea. Lakini ndani ya gari lililofungwa haivaliwi, kwani gari likizama, jile inakusukuma kwenye paa na kukuzuia kutoka dirishani. Anayeendesha juu ya ziwa anafungua vioo, anafungua mkanda, na anakaa mbali na magari mengine.

Hatari isiyo na harufu

Kifo kingine kiko ndani ya kibanda, na hiki familia za huku zinakijua. Ni kama mbabula ya makala inayoingizwa chumbani usiku na milango kufungwa. Jiko la gesi katika kibanda kisicho na hewa linatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Dawa ni matundu ya hewa, moja chini na moja juu, na kifaa kidogo cha kulia gesi hiyo ikizidi.

Wazazi walio huku wanaweza kusaidia

Mtoto aliyefika huko akiwa na miaka 10 ao 12 anajifunza lugha haraka na kufuata marafiki. Wazazi wake, wanaofanya kazi usiku na mchana, labda hawajui kabisa kwamba bwawa dogo nyuma ya nyumba linaganda, na kwamba watoto wanakwenda kucheza juu yake. Bwawa hilo lenye maji mpaka kiunoni linaweza kuua kama ziwa kubwa.

Neno la bibi ao mjomba kwa telefone lina uzito. Picha ikifika ya ndugu amesimama juu ya ziwa, aulizwe maswali manne: Mmepima? Ni santimetre ngapi? Uko na nani? Nani wa nchi kavu anajua fasi uliko na saa ya kurudi?

Akikosa jibu la moja kati ya hayo, aambiwe atoke kwanza, taratibu, kwa njia aliyoingilia. Walleye watabaki chini ya barafu mpaka kesho.