Uteuzi wa Kiunganishi cha Kuchotea Data ya Afya: Mfano wa Watafiti wa Mulago, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza vigezo vya kuteua kiunganishi, yaani programu inayochota data kutoka mfumo wa mtandaoni na kuipeleka katika hifadhidata ya mtumiaji. Mfano unaotumika ni mfumo wa DHIS2 na mahitaji ya watafiti wa Mulago. Hoja kuu ni kwamba kiunganishi kiteuliwe kwa uaminifu wake kwa maana ya data, si kwa wepesi wa kukisakinisha.

1.0 Utangulizi

Kilima cha Mulago kimebeba Hospitali ya Taifa ya Rufaa, Chuo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967. Mtafiti wa hapo anayechunguza malaria, kwa mfano, hutegemea takwimu ambazo hakuzikusanya mwenyewe: ripoti za kila mwezi za vituo vya afya, kama vile fomu ya HMIS 105 ya wagonjwa wa nje. Ripoti hizo huhifadhiwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na uliokuwa umefikishwa katika wilaya zote za Uganda mwaka 2012. Kenya na Tanzania nazo huutumia.

Jedwali moja laweza kupakuliwa kwa mkono. Ila utafiti unaohitaji data mpya kila juma hudai kiunganishi. Wanaisimu wanalijua neno hili kwa maana ya kisarufi, nayo haiko mbali: vishazi viwili vilevile hubadilika maana kutegemea vimeungwa kwa “kwa sababu” au kwa “ingawa”. Vivyo hivyo, data ileile hutoa jibu tofauti kulingana na jinsi ilivyochotwa.

2.0 Vigezo vya Uteuzi

2.1 Mlango wa kuchotea. DHIS2 hutoa data kupitia API kwa njia zaidi ya moja. Njia ya uchanganuzi hurejesha jumla zilizokwisha kukokotolewa. Ni nyepesi, lakini huonyesha hali ilivyokuwa majedwali yalipotayarishwa mara ya mwisho. Njia ya thamani ghafi hurejesha kila thamani kama ilivyoingizwa. Anayetaka chati ya wilaya atosheke na ya kwanza. Anayekagua ubora wa ripoti hana budi kutumia ya pili.

2.2 Marekebisho na ufutaji. Kituo kinaweza kurekebisha mwezi Juni takwimu za Machi. Kiunganishi kinachochota mwezi wa karibuni pekee hakitayaona marekebisho hayo. Kinachofaa ni kile kinachouliza kilichobadilika tangu uchotaji uliopita. Hata hivyo, hilo pekee halitoshi: thamani iliyofutwa haitokei katika majibu ya kawaida mpaka iombwe waziwazi. Bila ombi hilo, kosa lililokwisha kuondolewa wizarani huendelea kuishi katika hifadhidata ya mtafiti.

2.3 Sifuri na ukimya. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri isipokuwa kipengele husika kimepangwa hivyo. Kwa hiyo nafasi tupu yaweza kumaanisha kwamba hakuna mgonjwa au kwamba hakuna ripoti. Kiunganishi kinachojaza sifuri kila penye pengo hukigeuza kituo kilichonyamaza kuwa kituo kisicho na malaria, na dawa zaweza kupelekwa kwingine kwa sababu hiyo.

2.4 Utambulisho. Uganda ilikuwa na wilaya 56 wakati wa sensa ya mwaka 2002, na 112 wakati wa sensa ya mwaka 2014. Kituo hubaki pale pale, wilaya yake ikabadilika. Kuunganisha majedwali kwa majina kutavunja mfululizo wa miaka. Ni heri kutumia kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 ambacho DHIS2 hukipa kila kituo.

2.5 Gharama na sheria. Viunganishi vya kulipia, kama Fivetran, hutoza kwa kufuata wingi wa safu zinazobadilika kila mwezi. Vingine, kama Airbyte, vyaweza kuendeshwa katika seva ya taasisi, ila vinadai fundi wa kuvitunza. Aidha, palipo na rekodi za mgonjwa mmoja mmoja, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 huweka masharti kwa data binafsi inayohifadhiwa nje ya Uganda. Ni lazima kuuliza data hupitia seva za nchi gani.

3.0 Kupima Kabla ya Kuteua

Jaribio dogo hufichua mengi. Katika mfumo wa majaribio, mteuzi achague vituo 10 na miezi 3, achote data, kisha alinganishe jumla na zile zinazoonekana katika DHIS2 yenyewe. Baadaye arekebishe thamani moja ya zamani, afute nyingine, aache moja tupu, na achote tena. Kiunganishi kisichoyaonyesha mabadiliko hayo matatu kwa usahihi hakifai, hata kiwe rahisi namna gani.

4.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba kiunganishi si bomba tu. Ni mfasiri kati ya kituo kilichoripoti na mtafiti anayesoma. Inapendekezwa basi kwamba taasisi ziandike, pamoja na matokeo ya kila utafiti, njia ya uchotaji, tarehe yake na jinsi mapengo yalivyoshughulikiwa, ili msomaji aweze kuzipima takwimu hizo mwenyewe.