Taa za redio Machakos: sauti tamu, au sauti ya amana?

Mtu wa pwani apandaye Machakos mwezi wa Julai hujutia kuliacha sweta lake Mombasa. Baridi huteremka kutoka milima ya Iveti, na jua lenyewe, likitoka, ni la kutazama tu, si la kuota. Asubuhi moja ya namna hiyo nilibisha hodi katika kibanda cha fundi mmoja wa redio, mzee wa Mji wa Kale aliyeoa Ukambani na kukaa huko zaidi ya miaka arubaini. Mimi humwita Ami, kwani alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Jina lake ameniomba nisiliandike. "Ukiliandika, mwanangu, kesho watanijia watu na friji zao mbovu."

Kibandani mlikuwa na joto. Halikutoka jikoni, lilitoka mezani, kwenye kisanduku cha bati kilichosimamishwa taa mbili za kioo, zikiwaka wekundu kama kaa lililofunikwa jivu. Hiyo ni amplifaya aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya redio kongwe. Si ya kupigia spika za arusi, bali ya kusikilizia kwa hedifoni, mtu na masikio yake, bila kumuudhi jirani.

Wasomaji wa umri wangu watazikumbuka taa hizi. Kabla ya transista kila redio ilikuwa nazo, na ukiwasha huna budi kungoja nusu dakika zipate moto ndipo msemaji aseme. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza waya wa tatu, ndio uliozifanya taa ziweze kukuza sauti. Transista ikazaliwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, na haikuchukua miaka thelathini kuzifukuza taa majumbani mwetu.

Hata hivyo, kabla ya kufukuzwa zilibeba mengi yaliyo yetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, ufundi wa maikrofoni na taa ulikuwa umekwisha kuingia katika kazi hiyo tangu 1925. Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951, ilipokelewa na redio za taa. Naye Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary aliporekodi Qur'ani nzima kwa tartili mjini Cairo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilikuwa zama ambazo studio nyingi duniani zilikuwa bado zinategemea taa.

Sasa, je, taa hufanyaje kazi? Ami alinieleza kwa mfano wa shamba. Ndani ya kioo hewa imetolewa yote. Katikati mna kijiti kinachopashwa moto kwa umeme mdogo, aghalabu volti 6.3. Kikipata moto hutoa chembe za umeme, nazo huvutwa na bamba la chuma lililo pembeni, lenye volti mia mbili na zaidi. Baina ya viwili hivi mna wavu wa waya mwembamba. Sauti dogo kutoka kwenye kanda au santuri hupelekwa kwenye wavu huo. "Wavu ni lango la mfereji," alisema. "Mkono wa mtoto waweza kulifungua na kulifunga, lakini maji yanayopita yaendesha kinu."

Kwa hedifoni, nguvu si shida. Masikio hayataki nguvu. Sehemu ndogo sana ya wati moja yatosha kumkera mtu. Shida ni mbili nyingine. Ya kwanza ni kuoana. Taa hutoa umeme wa volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali hedifoni nyingi za siku hizi, zenye ukinzani wa omu 32, zataka kinyume chake: volti chache na mkondo mwingi. Bila ya transfoma nzuri ya kuwapatanisha wawili hawa, besi hulegea kama ngoma iliyolowa. Hedifoni za omu 300 au 600 ni rahisi kuoana na taa, na ndiyo sababu wapenzi wa mambo haya huzitafuta. Ya pili ni mvumo. Umeme wa Kenya hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na tetemeko hilo likipenya kwenye taa husikika kama nyuki mzingani. Spika iliyo mbali huusitiri mvumo huo. Hedifoni iliyo sikioni haisitiri kitu.

Ami alitaka nisikilize mwenyewe. Aliweka amplifaya ya taa upande mmoja, na upande wa pili kijisanduku cha transista kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Alizilinganisha kwa mita hata sauti zikawa sawa kabisa, kwani sikio hudanganyika: lenye sauti kubwa kidogo hulidhani ndilo bora. Kisha akavifunika vyote viwili kwa leso ya mkewe ili nisijue ni kipi kinacholia.

Kwanza alipiga gitaa la Kikamba, la marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987. Kisanduku kimoja kilitoa nyuzi kavu zenye makali. Cha pili kilizizungusha kama zimepakwa mafuta. Kisha akapiga taarab ya zamani. Hapo sikusita hata kidogo. Kile cha pili kilinifanya nifumbe macho. Udi ulijaa, na sauti ya mwimbaji ikawa karibu kama anayenong'ona. Nikasema, "Hiki ndicho." Ami akacheka, akafunua leso. Ilikuwa ya taa.

"Wajua kwa nini umeipenda?" aliniuliza. "Kwa sababu inaongeza kitu." Akanieleza kuwa taa za namna hii, kila zikipokea noti moja, huchanganya nayo kidogo sana noti hiyo hiyo ya daraja la juu, kama mtoto aimbaye nyuma ya babake. Sikio haliioni kuwa ni kosa, hulipendeza. Transista ikiundwa vibaya, nayo huongeza vyake, lakini vyake ni vya juu zaidi, havipatani na noti ya asili, na ndio ule ukali wa redio za bei rahisi. Ikiundwa vizuri, haiongezi kitu ambacho sikio laweza kukijua.

Nikadhani mazungumzo yamekwisha. Lakini Ami alifungua droo, akatoa kanda iliyofungwa kwa kitambaa. Ni sauti ya baba yake akisoma Suratu Yusuf, usiku mmoja wa Ramadhani, mwaka 1976. Mzee huyo hayupo tena duniani, Mungu amrehemu. Kwa miaka mingi Ami alikuwa akiisikiliza kanda hiyo kila mwaka kwa kisanduku chake cha taa, na akiwaambia wanawe: sikilizeni sauti ya babu yenu, laini kama hariri.

Alinivisha hedifoni, akanipigia kwa taa. Kweli, hariri. Kisha akageuza swichi.

Nilisikia mtu mwingine. Koo lilikuwa na mkwaruzo. Mluzi wa herufi ya sin ulikuwa na makali yake. Kabla ya kila aya nilisikia pumzi ikivutwa kwa shida, pumzi ya mtu mgonjwa wa kifua. Na nyuma yake, mbali, jogoo akiwika na kikombe kikiwekwa chini. Hukumu za tajwidi hazikubadilika hata moja: madda ilikuwa ile ile, na ghunna ile ile. Kilichobadilika ni mwenye kusoma.

"Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea hiki kidogo," alisema Ami, bila kuniangalia. "Siku ya kwanza nilikasirika, nikasema kimeharibu sauti ya baba. Usiku sikulala. Nikakumbuka kwamba baba alikuwa na pumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea dawa. Mwanangu, miaka yote hiyo nilikuwa nikiisikiliza taa, nikidhani namsikiliza baba."

Nasi tulikaa kimya, mpaka mkewe alipoleta muthokoi na chai.

Msomaji asidhani nazitukana taa. Ami mwenyewe asema kuwa mtu akiwa na transfoma bora, na akaupunguza mvumo, taa zaweza kuwa na uaminifu mkubwa. Wako wanaozithamini kupita kiasi: kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni iitwayo HE 1, ambayo amplifaya yake ina taa nane zilizosimama juu ya marumaru, kwa bei ya makumi ya maelfu ya euro. Kama hiyo si israfu, basi neno hilo halina maana. Wala asijaribu kijana kufungua chombo cha taa kwa kubahatisha. Kapasita zake huweka umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani, na Ami, pamoja na ukongwe wake, hufanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Nilichojifunza Machakos ni kwamba chombo cha sauti ni mjumbe, na wajumbe ni wa namna mbili. Yuko akupambiaye maneno ili ufurahi, na yuko akuleteaye maneno kama alivyopewa. Arusini na barazani, wa kwanza hana makosa. Lakini ulichopewa kikiwa ni amana, huna budi kumtuma wa pili.

Ami hakukitupa kisanduku chake cha taa. Jioni husikilizia taarab. Kanda ya baba yake ameihamishia kwenye kile kidogo, na wajukuu sasa wamekwisha kumzoea babu mkuu mwenye pumu, asomaye Suratu Yusuf huku jogoo akiwika.