Je, wajua? MGB, gari la kizamani lisilokosa spea

Mnamo Oktoba 1980 gari la mwisho la aina ya MGB lilitoka kwenye kiwanda cha Abingdon, mji mdogo ulio kusini ya Oxford nchini Uingereza, kisha kiwanda kikafungwa. Kwa kawaida gari likifikia hapo huanza safari ya kwenda jalalani. Spea huadimika, mafundi waliolijua hustaafu, na machache yanayobaki hukatwa ili mengine yaendelee kutembea. MGB limekwenda kinyume. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilizirudisha kazini kalibu za kukunjia mabati yake, ikaanza kutoa bodi mpya kabisa za gari ambalo uzalishaji wake ulikuwa umekoma miaka minane kabla. Mwenye MGB lililoliwa na kutu aliweza kununua bodi nzima, akahamishia humo injini, gia, viti na taa za gari lake kuukuu, na maisha yakaendelea.

Jambo hilo linaeleza kwa nini gari hili, ambalo si la kasi kuliko yote wala zuri kuliko yote, limekuwa chaguo la kwanza la Waingereza wengi wanaotaka gari la kizamani la kuchezea Jumamosi na Jumapili. Mnunuzi mgeni huanza kwa kuangalia uzuri, halafu mbio, halafu bei. Aliyekwisha kuumwa na nyoka huanza na maswali mawili tu: chuma chake kikoje, na spea zake zinapatikana wapi?

Gari la watu wa kawaida

Herufi MG zinatokana na Morris Garages, biashara ya kuuza na kutengeneza magari iliyokuwa Oxford. Cecil Kimber, aliyekuwa meneja wake miaka ya 1920, alichukua magari ya kawaida ya Morris, akayavika bodi nyepesi za kimichezo na kuyauza kwa vijana wasio na fedha za kununua Bentley. Mwaka 1929 kazi hiyo ilihamia Abingdon, na falsafa ikabaki ileile: sura ya kimichezo, vyombo vya gari la kawaida.

MGB lilipozinduliwa mwaka 1962, chini ya mhandisi Syd Enever, lilifuata nyayo hizo. Injini yake ya cc 1,798 ilitoka katika ukoo wa injini zilizosukuma magari ya familia ya kampuni hiyohiyo. Ilitoa nguvu za farasi 95 hivi, kiasi kisichopishana sana na cha Toyota Vitz ya cc 1,300 unayopishana nayo mjini leo. Hata hivyo gari lenyewe lilikuwa na uzito wa chini ya tani moja, viti viwili vya mbele vilivyo karibu na lami, na turubai badala ya paa. Liliweza kupita kilomita 160 kwa saa, ingawa dereva aliyekaa chini vile huona mbio hata akiwa katika 80.

Hadi mwaka 1980, ukijumlisha na ndugu zake waliopewa injini kubwa zaidi, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000, na mengi yalipakiwa melini kwenda Marekani. Wingi huo ndio utajiri wake wa leo. Jaguar E-Type, lililotangulia kwa mwaka mmoja, ni zuri kiasi cha kumsimamisha mpita njia, lakini bei yake na ya matengenezo yake ni ya mtu mwenye kitita. Magari yaliyotengenezwa machache hayampi mtengeneza spea sababu ya kuwasha mashine. MGB linampa wateja kila siku: pedi za breki, vioo, zulia, vitasa, hata bawaba za milango. Vyama vya wenye magari haya, kama MG Car Club kilichoanzishwa mwaka 1930, vimejaa watu waliokwisha kufungua kila nati, na wako tayari kumwelekeza mgeni.

Nguvu iko chini ya milango

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuinama. MGA, lililotangulia MGB, lilikuwa na chasisi ya vyuma vizito iliyobebeshwa bodi juu yake. MGB halina chasisi ya namna hiyo. Mabati yake yamekunjwa na kuchomelewa pamoja yakawa kitu kimoja kinachojibeba chenyewe, kama ganda la yai. Gari likawa jepesi, gumu na rahisi kuundwa.

Ganda hilo, hata hivyo, limekatwa juu. Gari la kawaida hupata sehemu ya ugumu wake kutoka kwenye paa. Gari la wazi halina paa, kwa hiyo mzigo wote huangukia sakafuni: kwenye mfereji wa katikati unaopitisha shafti, na kwenye mihimili miwili mirefu inayopita chini ya milango, mmoja kila upande. Kila mhimili umeundwa kwa tabaka kadhaa za bati zilizoacha uwazi ndani yake. Maji ya mvua na chumvi inayomwagwa kwenye barabara za Uingereza wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu huingia humo na kukaa. Kutu huanza ndani na kula kwenda nje. Siku rangi ya nje inapotoa malengelenge, ndani hakuna kitu tena.

Mihimili ikilegea, gari hupinda katikati, na ushahidi wake uko wazi kwa anayejua kutazama. Angalia uwazi ulio kati ya mlango na bodi. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, bodi imeshuka tumbo. Fungua milango, inua gari kwa jeki, kisha jaribu kuifunga. Ikigoma au ikikwaruza, usiendelee na mazungumzo ya bei. Baadaye chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na uipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Sumaku hushika chuma, haishiki puti. Usione vyaelea, vimeundwa; na vingine vimezibwa puti, vikapigwa rangi nyekundu ya kung'aa wiki moja kabla ya kuuzwa.

Fundi hodari anaweza kubadilisha mihimili hiyo. Asipokaza bodi kwa vyuma vya muda kabla ya kukata, gari litashuka likiwa mezani pake, naye atachomelea mihimili mipya kwenye bodi iliyopinda. Kosa hilo halirekebishiki kwa rangi.

Kabureta inayojipima

Ukifungua boneti utaelewa kwa nini watu wazima wenye shughuli zao huchafua mikono kwa hiari. Hakuna kompyuta humo. Kuna kabureta mbili za aina ya SU, ubunifu wa Kiingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, na kanuni yake inaonekana kwa macho.

Ndani ya kila kabureta mna pistoni inayopanda na kushuka katika kuba la chuma. Ukikanyaga mafuta, injini huvuta hewa zaidi, na mvuto huo hupandisha pistoni. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea nchani, nayo imezama kwenye tundu la petroli. Pistoni ikipanda, sindano hupanda nayo, tundu huachwa wazi zaidi, na petroli huongezeka sawasawa na hewa. Kabureta nyingine huwa na matundu kadhaa, kila moja kwa mwendo wake. SU hutumia tundu moja linalobadilika. Juu ya kuba kuna kifuniko kidogo cha kufungua kwa vidole. Ndani huwekwa oili kidogo inayoizuia pistoni isirushwe juu ghafla unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Mwenye gari lililopoteza uchangamfu huanza kwa kuongeza oili hiyo.

Kwa kuwa kabureta ni mbili, lazima zivute hewa sawa. Wapo wanaopima kwa mpira mwembamba tu: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, wakilinganisha sauti ya hewa upande huu na ule huku wakizungusha skrubu. Kazi ya saa moja, na matokeo husikika papo hapo.

Upande wa umeme ndio uliozaa mizaha. Vifaa vilitoka kwa Lucas wa Birmingham, na wapenzi wa magari haya wakampachika jina la Mwana wa Mfalme wa Giza. Mara nyingi chanzo ni cha kawaida: viungio vya nyaya vilivyoota ukungu wa kijani baada ya miaka mingi, au mahali ambapo waya hukutana na bodi pameshika kutu, umeme ukakosa njia ya kurudi. Msasa na grisi hutibu mengi. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni mwaka wa gari. MGB za kabla ya 1967 ziliunganisha kichwa chanya cha betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukifunga redio ya kisasa bila kujua hilo, utaiunguza. Tena, hadi mwaka 1974, betri zenyewe zilikuwa mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, mahali pasipokumbukwa na mtu hadi gari ligome kuwaka.

Lipi basi?

Aina kuu ni mbili. Ya kwanza ni ya wazi. Ya pili ni GT ya mwaka 1965, yenye paa la chuma na mlango wa nyuma, iliyopata mkono wa wabunifu wa Pininfarina wa Italia. GT ni nzito kidogo, lakini paa lake huisaidia bodi kubaki ngumu, na kwa kawaida bei yake huwa chini kuliko ya lile la wazi.

Halafu kuna bampa. Hadi mwaka 1974 zilikuwa za kromu. Sheria za usalama za Marekani zilipobana, MGB likavishwa bampa nene nyeusi za mpira na kuinuliwa juu kwa sentimita chache ili bampa zifikie kimo kilichotakiwa. Likawa linayumba zaidi kwenye kona, na mashabiki wakalinunia. Ndiyo maana lenye bampa nyeusi hupatikana kwa bei nafuu, ilhali bodi na vyombo vyake ni karibu vilevile.

Majirani zake nao wana sifa na matata yao. Triumph Spitfire, lililoanza mwaka 1962 pia, lina boneti inayoinuka nzima pamoja na mabawa, hivyo fundi hukaa juu ya tairi akifanya kazi. Lakini ekseli ya nyuma ya matoleo ya mwanzo huweza kujikunja mtu akiachia mafuta ghafla katikati ya kona. Mini, kazi ya Alec Issigonis ya mwaka 1959, ina urefu wa mita tatu tu na hucheza kwenye kona kuliko yote, ila gia zake zinaoga oili ileile ya injini, kwa hiyo oili ikisahauliwa, vyote viwili huumia. Land Rover wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua bila kuelezwa. Bodi yake ni ya aluminiamu kwa sababu mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Bodi hiyo haishiki kutu, lakini chasisi yake ya chuma inashika, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu hugeuka unga.

Mchezo unaodai kuchezwa

Uingereza imeyapa magari haya nafuu. Likitimiza miaka 40, gari husamehewa kodi ya barabara, na tangu 2018 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana. Nafuu hiyo ina mtego: gari lisilopimwa na mtu hupimwa na ajali. Wenye busara hulipeleka kukaguliwa kwa hiari yao.

Petroli nayo si ile ya 1962. Risasi iliyokuwa ndani yake ililinda vikalio vya vali; ilipoondolewa, mafundi wakaanza kufunga vikalio vigumu zaidi. Muulize muuzaji kama kazi hiyo imefanyika. Tangu 2021 petroli ya kawaida nchini humo ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo hulainisha mipira ya zamani na kuvuta maji. Paipu mpya za petroli ni ununuzi wa wiki ya kwanza.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni kuegesha. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, petroli hupoteza ule wepesi wake wa kuwaka, sahani ya klachi hugandana na mwenzake, betri hufa. Safari fupi ya dukani haisaidii, kwa maana injini huzimwa kabla haijapata joto la kukausha maji yaliyotona ndani ya oili na ekzosi. Gari la wikiendi linahitaji mwendo wa kutosha wa barabarani, mara kwa mara, hata wiki usiyojisikia.

Ndiyo maana, kati ya MGB jekundu la kromu lililopigwa rangi juzi na GT la bampa nyeusi lenye viti vilivyochanika na injini inayotoa moshi, mjuzi huchukua la pili, mradi milango inafunga likiwa juu ya jeki. Injini utaifungua mwenyewe ukiwa na seti ya spana za inchi na Jumamosi chache. Viti vipya vinauzwa. Bodi mpya nayo inauzwa, lakini ukilazimika kuinunua baada ya kununua gari, utakuwa umelipia gari moja mara mbili.