Chuma Katika Damu na Mishipa ya Moyo

Mwilini mwako mna chuma. Ni kidogo tu, gramu 3 au 4, lakini pasipo hicho damu haiwezi kuchukua hewa. Mimba na safura hukipunguza. Ndiyo sababu mama mwenye mimba hupewa vidonge vya chuma.

Lakini wako waume wanaomeza vidonge vya wake zao ili waongeze nguvu. Sikia, baba: mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, hukiweka akiba, hasa katika ini. Mwaka 1981 mganga wa Marekani, Jerome Sullivan, alisema labda akiba hiyo hudhuru mishipa ya moyo, kwa kuwa wanawake wanaotokwa na damu kila mwezi hawashikwi upesi na ugonjwa huo kama wanaume. Waliochunguza baadaye hawakupatana. Jambo hili halijathibitika.

Yaliyothibitika ni haya: tumbaku, shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari huharibu mishipa. Basi acha sigara, punguza chumvi, wala usimeze chuma kabla ya kupimwa damu.

Nawe mama, usiache vidonge vyako. Viweke mbali na watoto, maana wakimeza vingi vyaweza kuwaua. Mungu ametukabidhi miili hii. Tuitunze kwa akili.