Kilo mbili za ziada kwa paka

Mwaka 2022 shirika la Marekani liitwalo Association for Pet Obesity Prevention lilikusanya vipimo kutoka kwa madaktari wa mifugo na kukuta asilimia 61 ya paka wana uzito uliozidi au ni wanene kupindukia. Yaani huko paka wenye uzito unaofaa ndio wachache. Watu wamezoea paka wanene kiasi cha kusahau paka mzima anavyotakiwa kuwa: ukimtazama kutoka juu unaona kiuno, na ukimpapasa ubavuni unazigusa mbavu bila kukandamiza.

Tumchukue paka mmoja tumpigie hesabu. Ni jike aliyefungwa kizazi, anakaa ndani. Uzito unaomfaa ni kilo 5, lakini sasa ana kilo 7. Mtu mzima akiongezeka kilo 2 hata jirani hagundui. Kwa paka huyu ni asilimia 40 juu ya anachostahili, sawa na mtu wa kilo 60 kufikia 84. Madaktari hupima umbo la paka kwa ngazi 9. Ya 5 ndiyo nzuri, na kila ngazi inayopanda ni ziada ya asilimia 10 hadi 15. Huyu wetu yuko kwenye ya 8 au ya 9.

Mahitaji ya mwili uliotulia hukadiriwa kwa kuchukua uzito kwa kilo, kuupandisha kwa kipeo cha 0.75, kisha kuzidisha kwa 70. Kwa kilo 5 tunapata kalori 234 kwa siku. Paka wa gorofani, Nairobi au Dar es Salaam, asiyewinda wala kuruka kuta, hahitaji kuzidi hapo sana. Kufungwa kizazi nako hupunguza mahitaji kwa takriban robo, na hamu ya kula badala ya kupungua huongezeka. Sisemi asifungwe, la hasha. Ninachosema ni kwamba siku anaporudi kutoka kliniki, bakuli lake lipimwe upya.

Chakula kikavu cha paka kwa kawaida kina kalori 350 hadi 400 katika kila gramu 100. Tukichukua 380, kalori 234 ni gramu 62 tu, chakula cha kutwa nzima. Sasa ongeza gramu 5, zile punje unazoweza kuziokota kwa ncha za vidole vitatu. Hizo ni kalori 19 kwa siku, karibu 6,900 kwa mwaka, na kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kama 7,700. Hata mwili ukiteketeza nusu ya ziada hiyo, ndani ya miaka minne au mitano kilo 2 zimetimia. Hakuna aliyemlisha kupita kiasi kwa makusudi. Bakuli liliachwa limejaa, basi.

Maziwa nayo tunayatoa kwa mapenzi. Kikombe cha mililita 250 za maziwa yasiyoondolewa mafuta kina kalori zipatazo 155, theluthi mbili ya mahitaji yake ya siku, tena paka wengi wazima matumbo yao hayaisagi vizuri sukari ya maziwa.

Gharama ya kwanza iko kwenye chakula chenyewe. Mwili wa kilo 7 unadai kalori 301 hata ukiwa umelala, 67 zaidi ya ule wa kilo 5. Hizo ni gramu 18 hivi kwa siku, yaani zaidi ya kilo 6 za chakula kwa mwaka, zinazonunuliwa ili kulisha mafuta.

Ya ugonjwa ni nzito kuliko hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa paka wanene kupindukia hupata kisukari karibu mara nne zaidi ya wenye umbo zuri, na kuchechemea kunakohitaji tiba karibu mara tano. Paka wa kisukari huchomwa insulini kila baada ya saa 12: sindano 730 kwa mwaka, na mtu wa kuzichoma lazima awepo nyumbani, iwe sikukuu au msiba. Tuseme daktari amempa yuniti 1 asubuhi na 1 jioni. Chupa ya insulini ya glargine ya binadamu ina yuniti 1,000, na maelekezo yake yanataka itumike ndani ya siku 28 baada ya kufunguliwa. Katika siku hizo paka ametumia yuniti 56. Ndiyo maana inafaa kumuuliza daktari kuhusu kalamu ya yuniti 300 kabla ya kununua chupa. Habari njema ni kwamba paka aliyeanza tiba mapema na kupungua uzito anaweza kufika mahali asihitaji tena insulini.

Mwisho wa njia hii tumekwisha kuuona. Himmy, paka wa Queensland, Australia, alifikisha kilo 21.3, na alikufa mwaka 1986 akiwa na miaka 10 kwa kushindwa kupumua. Guinness, watunza rekodi za dunia, waliacha kupokea rekodi za wanyama wazito, na walifanya jambo la maana.

Kumpunguza si kumnyima. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na ini likishindwa anaweza kufa. Akigoma chakula kipya, mrudishie cha zamani siku hiyo hiyo, umwone daktari. Kasi salama ni asilimia 0.5 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Madaktari wengi huanzia asilimia 80 ya mahitaji ya uzito unaolengwa, kwa huyu kalori 187, gramu 49 za chakula kile. Pima kwa mizani ya jikoni, maana kikombe hudanganya. Vitafunio visizidi sehemu ya kumi, kalori 19, ambazo kwa maziwa ni vijiko viwili vya chakula.

Akipungua asilimia 1 kwa wiki, safari ya kutoka 7 hadi 5 ni wiki 34, miezi minane hivi. Mwanzoni asilimia hiyo ni gramu 70, na mizani nyingi za nyumbani husoma kwa hatua za gramu 100, kwa hiyo ukimbeba na kupanda naye kila wiki utaona namba ileile na kukata tamaa bure. Mpime kila baada ya wiki mbili, au mpeleke kliniki kwenye mizani ndogo inayosoma gramu 10. Ikionyesha ameshuka zaidi ya gramu 140 kwa wiki moja, mwongezee chakula.