Kamera ya Zamani Isiolo: Ibadilishwe au Ibaki?

Kamera ya dijitali iliyotengenezwa mwaka 2008 hupiga leo picha zilezile ilizokuwa ikipiga siku ilipotoka kiwandani, ilimradi sehemu zake hazijaharibika. Kinachobadilika ni kazi inayotakiwa ifanye, macho ya wateja wanaozilinganisha picha zake na zile za simu, na matangazo ya watengenezaji ambao kila mwaka huwaambia wanunuzi kwamba walicho nacho hakitoshi. Kwa sababu hiyo, mtu anayetafakari kubadilisha kamera ilhali fedha ni chache anapaswa kujua kwanza ni wapi hasa picha zake zinaposhindwa, kwani kasoro inayotokana na lenzi haitibiwi kwa kununua bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na giza la ukumbi haliondolewi kwa kuongeza megapikseli.

Isiolo ni mahali panapofaa kulipima suala hili, kwa kuwa kazi za upigaji picha katika mji huo na viunga vyake hutofautiana mno. Mji wenyewe, ulio karibu kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi kwenye barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale, una studio zinazoishi kwa picha za pasipoti na vyeti, na una wapiga picha wanaozunguka kwenye harusi na sherehe za Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, ambazo nyingi huendelea hadi usiku. Mwendo mfupi kutoka mjini zimo hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, na ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro ipo hifadhi ya Samburu, ambako mpiga picha hukutana na twiga wa madoa ya wavu, choroa, swala twiga na punda milia wa Grevy. Kamera inayotosha kabisa kwa kazi moja kati ya hizi yaweza kuwa dhaifu kwa nyingine.

Kipimo kinachowapotosha wengi ni megapikseli. Pikseli ni kitone kimoja cha picha, na megapikseli ni vitone milioni moja. Nikon D70 ya mwaka 2004 ina megapikseli 6.1, D90 ya mwaka 2008 ina 12.3, na D3200 ya mwaka 2012 ina 24.2, hivyo ni rahisi kudhani kwamba ya mwisho inaonyesha mambo mara nne zaidi ya ya kwanza. Hesabu haiko hivyo, kwa maana vitone hivyo hugawanywa katika upana na urefu wa picha, na kuviongeza mara nne kunaongeza kila upande mara mbili tu. Picha ya D70 ina vitone 3,008 kwa 2,000, na ikichapishwa kwa vitone 300 katika kila inchi, kiwango kinachohesabiwa kuwa kizuri sana, hutoa karatasi ya inchi kumi kwa karibu inchi saba, ambayo ni kubwa kuliko picha nyingi zinazowekwa kwenye albamu. Ukurasa mzima wa ukubwa wa A4 kwa kiwango hichohicho unahitaji megapikseli zisizofika tisa. Skrini ya kawaida yenye vitone 1,920 kwa 1,080 haionyeshi zaidi ya takribani megapikseli mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu picha nyingi zinazotumwa kwa WhatsApp hazimnufaishi mtu kwa lolote aliloongezewa na kamera ya bei kubwa. Mwenye studio ya picha za pasipoti, basi, hana sababu ya kuiacha kamera ya megapikseli kumi na mbili ambayo bado inafanya kazi.

Uthibitisho mzuri wa jambo hili ulipatikana katika eneo hilihili. Mwaka 2016, kisha mwaka 2018, wananchi wa kawaida pamoja na wataalamu wa wanyamapori walitawanyika katika kaunti za kaskazini mwa Kenya, Isiolo ikiwa mojawapo, ili kuwahesabu punda milia wa Grevy kwa kuwapiga picha. Walitakiwa kutumia kamera zinazorekodi mahali picha ilipopigwa, na kumpiga picha kila mnyama kwenye ubavu wake wa kulia, kwa sababu mistari ya punda milia haifanani kati ya mnyama na mwenzake, na programu ya kompyuta huweza kumtambua kila mmoja kwa mistari hiyo. Hesabu ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba Kenya ilikuwa na wanyama hao wapatao 2,812, na kwa kuwa nchi hii ndiyo yenye sehemu kubwa sana ya punda milia wa Grevy waliobaki duniani, takwimu hiyo ina uzito mkubwa katika uhifadhi. Kilichoamua thamani ya kila picha ni ubavu sahihi, umbali wa kutosha, mkono uliotulia na kumbukumbu ya mahali. Upya wa kamera haukuwa sharti.

Mambo hubadilika jua linapozama. Ndani ya kamera kuna kihisi, yaani kibapa kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, na mwanga unapopungua kamera hulazimika kuikuza ishara hiyo dhaifu. Kiasi cha ukuzaji hupimwa kwa namba za ISO, ambapo kila namba inapoongezeka maradufu, mwanga unaohitajika hupungua kwa nusu, lakini picha huanza kuingia chenga, zile punje za rangi zinazoharibu ngozi ya uso na kitambaa cha nguo. Kamera za miaka ya 2004 hadi 2008 zenye kihisi kidogo zilianza kuonyesha chenga nyingi kwenye ISO 1600, wakati za miaka ya karibuni huweza kufika 6400 na picha ikakubalika kwa mteja. Hapo ndipo mpiga picha za harusi wa Isiolo ana hoja ya haki ya kutaka bodi mpya, na hoja hiyo haifai kupuuzwa.

Hata hivyo, kabla ya kuinunua bodi, inafaa alitazame tundu la lenzi yake. Upana wa tundu huandikwa kwa alama kama f/1.8 au f/5.6, na namba hiyo hupatikana kwa kuugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu, hivyo namba ndogo ina maana ya tundu pana. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera za bei nafuu huishia f/5.6 zinapovuta picha karibu, ilhali lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za kila mtengenezaji mkubwa, hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwa vitendo, palipohitajika ISO 6400, sasa itatosha 800 na ziada kidogo ikabaki. Vihisi vimeboreka kweli kwa muda wa miaka kumi, lakini ni nadra kwa kihisi kipya cha ukubwa uleule kumpa mpiga picha faida ya mara kumi. Lenzi hiyo ina gharama yake pia, kwa sababu tundu likiwa wazi kiasi hicho, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba, na watu waliopangwa kwa safu mbili hawatatoka wote vizuri. Kwa picha ya ukoo mzima, flashi ya kuchomeka juu ya kamera, ikielekezwa kwenye dari nyeupe ili mwanga wake urudi ukiwa laini, itafaa zaidi. Chini ya hema la kukodi lenye kitambaa cha rangi mbinu hiyo haifai, maana nyuso zote zitachukua rangi ya kitambaa.

Kwa wanaopiga picha za wanyama, ushauri wa kukimbilia kihisi kikubwa waweza hata kuwarudisha nyuma. Kihisi kikubwa cha kawaida kina milimita 36 kwa 24, na kile kidogo kinachotumika katika kamera nyingi za bei nafuu kina takribani 24 kwa 16. Lenzi ya milimita 300 kwenye kihisi kidogo humwonyesha mnyama kama vile lenzi ya 450 ingemwonyesha kwenye kikubwa. Anayehamia kihisi kikubwa akiwa na lenzi yake ileile atamwona swala twiga wa Shaba akiwa mbali zaidi, na lenzi zilizotengenezwa kwa kihisi kidogo hazitafunika kihisi chote, kwa hiyo bodi iliyodhaniwa kuwa rahisi huja na deni la lenzi nyuma yake. Bodi na lenzi hununuliwa kwa hesabu moja.

Zipo sababu ambazo kweli zinaihalalisha kamera nyingine. Ya kwanza ni video, ambayo siku hizi wateja wengi wa harusi huihitaji pamoja na picha. Nikon D90 ndiyo iliyokuwa kamera ya kwanza ya aina ya kioo (DSLR) kurekodi video, mwaka 2008, na zote zilizoitangulia hazina uwezo huo kabisa. Ya pili ni mfumo wa kulenga fokasi, kwani kamera za zamani za bei nafuu zina vituo vichache vya kulengea na hupoteza mnyama anayekimbia. Ya tatu ni uchakavu. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kila picha inapopigwa, lina umri wake; la D90 lilijaribiwa hadi mara 100,000, na kamera iliyohudumia harusi nyingi hufika huko mapema kuliko mwenyewe anavyofikiri. Sababu nyingine ni kukosekana kwa betri za kuaminika au kadi za kumbukumbu, kwa kuwa baadhi ya kamera za kale hazisomi kadi ya SD inayozidi gigabaiti mbili.

Palipo na mojawapo ya sababu hizo, chaguo la busara kwa mwenye bajeti ndogo ni bodi iliyotumika inayopokea lenzi alizo nazo tayari. Mfumo wa kufungia lenzi wa Nikon uitwao F umekuwepo tangu mwaka 1959, na wa Canon uitwao EF tangu mwaka 1987, ingawa katika ule wa Nikon pana mtego: bodi ndogo kama D40 hazina mota ya kulenga fokasi ndani, na lenzi za zamani zisizo na mota zake zenyewe zitahitaji kulengwa kwa mkono. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilianzisha mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo, inayoweza kupokea lenzi za zamani kwa adapta. Biashara yenyewe imegeuka, kwani watengenezaji wa Japani, waliosafirisha kamera zaidi ya milioni 120 mwaka 2010, walisafirisha zisizofika milioni tisa mwaka 2020, simu zikiwa zimechukua nafasi ya kamera ndogo, na tangu hapo wameelekeza nguvu kwenye mashine za bei ya juu zisizo na kioo. Wenye fedha wanapozihamia hizo, kamera nzuri za kioo hubaki sokoni kwa bei iliyoshuka, na hilo ni jambo jema kwa kijana wa Isiolo ambaye hapaswi kujifunga kwa mkopo wa simu ili apate kifaa ambacho kazi yake haikihitaji.

Kamera iliyotumika, inunuliwe Nairobi au Isiolo, ikaguliwe kabla ya malipo. Ipigwe picha ya anga tupu kwa tundu jembamba la f/16, na madoa meusi yakionekana ijulikane kwamba vumbi limeingia kwenye kihisi. Vumbi husafishika, lakini mikwaruzo haisafishiki. Idadi ya picha zilizokwisha kupigwa itafutwe kwa programu inayoisoma ndani ya faili, mahali pa kuwekea kadi na betri pakaguliwe kama pana kutu, na lenzi ya mnunuzi mwenyewe ifungwe na kujaribiwa palepale, mchana na kwenye kona yenye giza. Muuzaji asiyekubali majaribio hayo asilipwe.