Duka la Muda: Pima Soko Kabla ya Kupanga Fremu

Wenye fremu mijini aghalabu hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtaji mdogo ukizama humo, hubaki kidogo cha kununulia bidhaa. Duka la muda hupunguza hatari hiyo. Mfanyabiashara hukodi banda kwa siku chache, mathalani katika maonesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam au ya Nane Nane mwezi Agosti, akapima bei na mahitaji ya wateja.

Kabla ya kulipa, dai mkataba wa maandishi unaotaja ukubwa wa eneo, tarehe, umeme, ulinzi na masharti ya kurejeshewa fedha. Mlipe mwandaaji mwenyewe, si dalali, na uchukue risiti.

Mauzo ya siku za maonesho si kipimo cha mwaka mzima. Ondoa gharama zote, usafiri ukiwemo. Kinachobaki ndicho faida.

Banda huvunjwa, lakini wajibu hauvunjiki. Andika kwenye risiti namba ya simu na mahali unapopatikana, ili mteja aliyeuziwa bidhaa mbovu aweze kukufikia.